Mtoto Akiungua, Maumivu Hayaishii Siku ya Moto

Leo sina video ya Mida Creek wala ya bei za samaki. Leo naandika, na ni ndefu, kwa hivyo tafuta kiti.

Hapa Watamu tukisikia neno moto, akili inaenda kwa makuti. Cheche moja, upepo kidogo, na paa zima linaondoka kabla hujamaliza kupiga simu. Lakini kinachounguza watoto wengi wadogo si moto wa kupigiwa mayowe. Ni sufuria ya uji. Ni chupa ya chai mezani. Ni karai la viazi kando ya barabara saa kumi na mbili jioni, watoto wanakimbizana miguuni mwa mama zao.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa na miaka minne alipovuta sufuria ya chai. Ikamwagikia kifuani, begani na mkono wote wa kushoto. Jirani mmoja akaja na dawa ya meno, mwingine na yai, nyanya akaitisha asali. Hakuna aliyefikiria maji. Mimi nilikuwa hapo hapo, simu mkononi, bando ninayo, na sikufikiria maji pia. Tukapanda tuktuk.

Siku yenyewe ya kuungua naikumbuka vipande vipande tu. Ninayoikumbuka yote ni siku ya tatu, siku ya kubadilisha bandeji. Hospitali sitaitaja, manake nia yangu si kumwekelea mtu lawama. Mtoto alipewa dawa ya maji ya maumivu, ile ya kawaida ya homa, halafu watu wazima wawili wakamshika. Bandeji ilikuwa imeshikana na kidonda. Ikabanduliwa. Kidonda kikaoshwa, ngozi iliyokufa ikatolewa. Mimi nilikuwa kwa benchi nje. Mama mdogo alitoka mara mbili, akajifunika uso na leso, akarudi ndani. Mtoto alilia mpaka sauti ikakatika, na hata ilipokatika tulijua bado analia.

Siku iliyofuata ya bandeji, mtoto alianza kutetemeka alipoona tu ile trei. Lakini siku hiyo alikuja mtu mwingine, mwanamume mwenye kofia ya kijani ya thieta. Akamuuliza mama mtoto amekula saa ngapi, akamsikiliza kifua, akamfunga kile kifaa cha kidole kinachosoma oksijeni, akamdunga sindano ya paja. Dakika chache baadaye macho ya mtoto yalikuwa wazi, yanaangalia dari kama kuna kitu kule juu. Hakulia. Kidonda kikaoshwa chote, kikafungwa vizuri, bila mtu kumshika.

Mama mdogo akauliza, "Daktari, amelala ama?"

"Hajalala sana mama. Yupo, lakini hayupo."

Nikauliza dawa inaitwaje. Akasema ketamini. Nikamwangalia. Ketamini? Si hiyo ndo watu wanaitaja kwa mambo ya klabu? Kumbe mimi na akili zangu zote nilikuwa naijua dawa hiyo kutoka upande mbaya. Usiku huo nikaanza kusoma, na hii posti ndo matokeo.

Usingizi wa kwanza

Tuanze mbali kidogo. Tarehe 16 Oktoba 1846, katika hospitali ya Massachusetts General mjini Boston, daktari wa meno aitwaye William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha mbele ya madaktari, na mgonjwa akafanyiwa upasuaji wa shingo. Kabla ya hapo upasuaji ulikuwa kamba, pombe, afyuni na wanaume wenye nguvu wa kushika. Mwaka uliofuata, 1847, James Young Simpson wa Edinburgh akaleta klorofomu. Dunia ikafurahi, na ilikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini angalia kilichotokea mwanzoni mwa 1848 huko kaskazini mwa Uingereza. Msichana wa miaka 15, Hannah Greener, alipewa klorofomu ili atolewe ukucha wa kidole cha mguu. Akafa dakika chache baadaye. Ndiye anayetajwa kuwa mtu wa kwanza kufa kwa klorofomu, na alikuwa kijana wa umri wa wasomaji wangu wengine. Kwa hivyo tangu mwanzo hadithi hii ina pande mbili. Dawa ya usingizi inakutoa kwenye maumivu, lakini asiyejua kuitumia anaweza kukutoa duniani.

Sasa mlete hapo mtoto aliyeungua vibaya, uone shida inavyozidi. Usingizi wa zamani ulipitia usoni, kwa kitambaa au barakoa. Mtoto aliyeungua uso utamfunika na nini? Kama amevuta moshi, koo linavimba, na njia ya hewa ya mtoto tayari ni nyembamba. Mwili ulioungua unapoteza maji kwa kasi, presha inaelekea kushuka, na dawa nyingi za usingizi huishusha zaidi. Ngozi ndiyo blanketi la mwili. Ikiondoka, mtoto anapata baridi hata hapa kwetu kwenye joto. Mshipa wa kumwekea dripu hauonekani, manake mkono wenyewe ndo umeungua.

Tena mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa saizi. Mwaka 1944 madaktari wawili wa Boston, Lund na Browder, walitoa mchoro wa kukadiria ni sehemu gani ya mwili imeungua kulingana na umri. Kwa mchoro wao, kichwa cha mtoto mchanga ni kama asilimia 19 ya ngozi yake yote. Kwa mtu mzima ni asilimia 7 tu. Ukitumia hesabu ya mtu mzima kwa mtoto, unakosea maji ya kumpa, unakosea kila kitu.

Halafu kuna hili ambalo mimi sikuwa nalijua kabisa: kidonda cha moto si upasuaji wa mara moja. Ni kuosha na kufunga, kuosha na kufunga, wiki baada ya wiki. Na kila mara mtoto akipewa dawa ya usingizi lazima kwanza akae bila chakula kwa saa kadhaa, asije akatapika na matapishi yakaingia mapafuni. Lakini huyo huyo mtoto anahitaji kula sana ili ngozi ipone. Bila usingizi anateswa. Kwa usingizi wa mara kwa mara bila mpango, anakaa njaa. Anayepanga saa za mtoto kula na saa za bandeji anafanya kazi ya tiba kama yule anayeshika kisu.

Vita, marubani na Kilimanjaro

Mambo mengi ya tiba ya moto yalisukumwa na misiba. Novemba 28, 1942, klabu ya Cocoanut Grove mjini Boston iliungua na watu 492 wakafa. Madaktari wakajifunza mengi kuhusu moshi mapafuni na maji mwilini. Wakati huo huo Uingereza ilikuwa vitani, na marubani walikuwa wakitolewa kwenye ndege wakiwa hawana nyuso. Aliyewashughulikia katika mji mdogo wa East Grinstead aliitwa Archibald McIndoe. Alikuwa akiwafanyia upasuaji mmoja baada ya mwingine, mtu mmoja mara nyingi sana. Wagonjwa wake wakaanzisha chama chao na kujiita kwa utani panya wa majaribio. Pembeni mwa McIndoe alikuwepo mtu wa usingizi, John Hunter. Upasuaji wa mara nyingi hauwezekani kama mgonjwa anaogopa kurudi mezani.

Unauliza hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu. McIndoe alikuwa na shamba Tanganyika, upande wa Kilimanjaro. Mwanafunzi wake, Michael Wood, alikuwa daktari wa upasuaji hapa Kenya. Wao wawili pamoja na Mmarekani Tom Rees ndio walioanzisha huduma ya madaktari wa ndege ya Afrika Mashariki mwaka 1957, ambayo leo tunaijua kama AMREF. Yaani hiyo ndege nyeupe unayoiona ikichukua wagonjwa ina mizizi kwa watu waliokuwa wakitibu nyuso zilizoungua.

Lakini ndege inamfikisha daktari. Haimfikishii mtungi wa gesi kila mahali. Hospitali nyingi za mbali Afrika zilitumia kifaa kutoka Oxford cha miaka ya 1950 kilichochanganya mvuke wa etha na hewa ya kawaida, bila umeme na bila mitungi mikubwa. Kiliokoa wengi. Ila etha inanuka, inachelewa kushika, na mvuke wake unashika moto.

Na kuna mtego mwingine. Miaka ya 1950 na 1960 madaktari waliona kitu cha kutisha: mgonjwa wa moto anaendelea vizuri, siku kadhaa zimepita, anapelekwa thieta, anapewa dawa ya kulegeza misuli iitwayo suksamethoni, na ghafla moyo unasimama. Dawa hiyo hiyo kwa mtu ambaye hajaungua haina neno. Baadaye wakagundua sababu. Baada ya kuungua, misuli hubadilika, na ikiguswa na dawa hiyo humwaga potasiamu nyingi kwenye damu, na potasiamu ikizidi moyo haupigi. Leo kila anayesomea usingizi anafundishwa: mtu aliyeungua vibaya, baada ya siku ya kwanza au ya pili, usimpe hiyo. Somo hilo liliandikwa kwa maisha ya watu.

Dawa iliyoanzia jela

Sasa tufike kwa ketamini. Mwaka 1962 mwanakemia Calvin Stevens, akifanyia kazi kampuni ya Parke-Davis ya Marekani, aliitengeneza akitafuta mbadala wa dawa kali iliyowaacha wagonjwa wamechanganyikiwa. Agosti 3, 1964 ikapewa binadamu kwa mara ya kwanza, chini ya Edward Domino na Guenter Corssen. Waliopewa walikuwa wafungwa wa jela ya Jackson, Michigan. Walihesabiwa kuwa wamejitolea, lakini mimi nauliza: mtu aliye ndani ya seli anajitolea kwa uhuru gani? Sitaki tuipambe historia. Dawa iliyomnyamazishia mdogo wangu maumivu ilianzia kwa watu ambao kusema hapana hakukuwa rahisi kwao.

Wafungwa walisema wanajiona kama wanaelea, kama mwili si wao. Mke wa Domino ndiye aliyependekeza neno la kuielezea hali hiyo, neno lenye maana ya kutenganishwa. Akili kule, mwili huku. Ndiyo ile ya "yupo, lakini hayupo".

Mwaka 1970 ikaruhusiwa rasmi Marekani, na ikaenda hadi vita vya Vietnam. Haikuchukua muda ikaingia wadi za watu walioungua, na ukiangalia sababu utaelewa. Kwa kipimo sahihi, mgonjwa kwa kawaida anaendelea kupumua mwenyewe. Presha haishuki hovyo. Mara nyingi inapanda kidogo. Inaua maumivu yenyewe, si kulaza tu. Na kama mshipa haupatikani, unadunga msuli. Zile shida zote nilizotaja za mtoto aliyeungua, dawa hii moja inajibu nyingi.

Haijibu zote. Inaleta mate mengi, inaweza kutapisha, wengine wanaamka na ndoto za kuogofya, na mara chache koo linaweza kujibana. Ndiyo maana yule wa kofia ya kijani hakudunga akaondoka. Alisimama kichwani kwa mtoto, macho kwa kifua na kwa kile kifaa cha kidole, mpaka mtoto akaitisha maji.

Na nyinyi wa klabu, sikieni. Anayeitumia kujifurahisha mara kwa mara anajiharibia kibofu, kuna waliofika kukojoa damu. Tena mchezo huo una bei kwa wengine. Shirika la Afya Duniani liliiweka ketamini kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 1985. Lakini mwaka 2015 China ilipendekeza Umoja wa Mataifa uifunge kwa sheria za kimataifa za dawa za kulevya. Wataalamu wa Shirika la Afya walipinga, na kura ikaahirishwa. Fikiria ingepita: makaratasi, vibali, dawa kuchelewa bandarini. Anayeumia si mtu wa sherehe, yeye atapata njia yake. Anayeumia ni mtoto wa miaka minne aliyeungua na chai.

Waliosema watoto hawasikii

Hapa ndo nilikasirika. Nilidhani tatizo la zamani lilikuwa dawa. Kumbe tatizo lingine lilikuwa imani. Hadi miaka ya 1980, katika hospitali kubwa za nchi tajiri, watoto wachanga walikuwa wakifanyiwa upasuaji kwa usingizi hafifu sana, wengine wakilegezwa tu misuli wasitingishike. Iliaminika kwamba neva zao hazijakomaa, hawasikii sana, na hata wakisikia hawatakumbuka. Mwaka 1987 daktari Kanwaljeet Anand na wenzake walionyesha kwamba watoto njiti waliopasuliwa bila dawa ya kutosha ya maumivu miili yao ilishtuka vibaya zaidi, na walipata matatizo zaidi baadaye, kuliko waliopewa. Mwaka 1987! Mama yangu alikuwa tayari ameanza shule.

Kabla hujawacheka wazungu, jisikilize. Sisi hapa tunasemaje? "Mwache alie, atasahau." "Kilio kinamfungua kifua." "Jikaze, wewe si mwanaume?" Hayo ni maneno yale yale, tofauti ni lugha tu. Mdogo wangu hakusahau. Aliona trei akatetemeka. Na mwili wa mtoto anayeumia na kuogopa kila siku mbili unatumia nguvu ambazo kidonda kingezitumia kupona.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: maumivu ya bandeji si sehemu ya kupona. Ni sehemu ambayo mara nyingi ingeweza kuzuiwa, na dawa ya kuizuia imekuwepo tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa, na si ya bei ya kutisha.

Basi kinakosekana nini?

Mtu. Kinachokosekana ni mtu. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawana upasuaji na usingizi ulio salama na wanaoweza kuumudu. Hapa Kenya, nje ya miji mikubwa, anayekulaza mara nyingi si daktari bingwa bali afisa wa kliniki au muuguzi aliyesomea usingizi. Wengine wamepitia KMTC, wengine hospitali ya Kijabe. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kimefundisha mabingwa wa usingizi wa watoto. Watu hawa hatuwajui majina. Daktari wa upasuaji tunampelekea mbuzi, yule aliyekuwa anahesabu pumzi za mtoto hatumwambii hata asante.

Kuna kitu kingine kilifanyika Kenya ambacho watu wanabishania. Kuanzia mwaka 2013, magharibi mwa nchi, ulianza mpango wa kufundisha wahudumu ambao si wataalamu wa usingizi kutumia ketamini pale upasuaji ni wa lazima na mtaalamu hayupo. Uliongozwa na daktari wa hospitali ile ile ya Boston ya mwaka 1846. Wanaouunga mkono wanasema: mbadala ni mgonjwa kufa au kupasuliwa akishikwa. Wanaoupinga wanasema: tukizoea mkato, serikali itaacha kuajiri wataalamu. Mimi naona pande zote zina ukweli. Mtoto wa leo hawezi kungoja bajeti ya mwaka ujao, lakini pia hatuwezi kukubali kwamba sisi wa mbali tuwe watu wa mkato milele. Kutoka hapa hadi Malindi ni kilomita 20 hivi, Kilifi ni zaidi ya mara mbili ya hapo, na Mombasa ni zaidi ya 100. Kila mtaalamu mmoja akiajiriwa karibu, barabara hiyo inafupika kwa mtoto mmoja.

Mambo matatu, kisha nimalize

Moja. Mtoto akiungua, maji ya bomba au ya mtungi, ya kawaida, yakitiririka kwa dakika 20. Si barafu, si dawa ya meno, si yai. Toa nguo na bangili sehemu hiyo kama hazijashikana na ngozi, halafu mfunike sehemu nyingine asipate baridi, na uende hospitali.

Mbili. Siku ya bandeji, uliza kwa heshima: "Sista, atapewa nini cha maumivu kabla hatujaanza?" Uliza pia aache kula saa ngapi na atakula saa ngapi. Huo si ujeuri. Yule mtu wa kofia ya kijani tuliletewa kwa sababu mama mdogo aliuliza swali hilo, sauti ikitetemeka, mbele ya wadi nzima.

Tatu. Kura zinakuja na kuondoka. Mwanasiasa akija Timboni kuahidi hospitali, usimuulize majengo tu. Muulize ataajiri watu wangapi wa usingizi.

Mdogo wangu sasa yuko shule. Kovu lipo, na mkono ananyoosha vizuri, anaogelea kuliko mimi. Chai ya moto bado hataki iwe karibu naye. Juzi nilimuuliza kama anakumbuka hospitali. Akasema anakumbuka kushikwa. Nikamuuliza kuhusu siku ya dari, akafikiria kidogo, akasema aliona samaki.

Kama umewahi kukaa kwa hilo benchi la nje, niandikie hapo chini. Majina ya hospitali acha, hadithi leta.